Umeme Unaopotea Kabla ya Kufika Kwenye Taa

Pikipiki za volti 6 hazijaisha Afrika Mashariki. Honda XL125S za mabwana shamba, Yamaha DT za miradi ya maji na chanjo, Suzuki A100 na Yamaha YB100 ambazo wazee wamewaachia watoto wao, bado tunapishana nazo barabarani. Injini zake hufufuliwa mwaka hadi mwaka, maana pistoni na ringi hupatikana na mafundi wamezizoea. Kinachosahauliwa ni taa. Mwenyewe atabadilisha klachi, atapaka tangi rangi, atavisha tairi jipya, kisha jua likizama anaondoka na taa inayowaka kama kibatari, akitumaini kwamba njia anaijua.

Njia anaijua kweli. Lakini ng'ombe aliyelala juu ya lami leo hakuwapo jana.

Nawaandikia yeye na fundi wake, na jambo ninalotaka walishike ni hili: taa hafifu kwenye pikipiki ya zamani mara chache huwa ni kosa la balbu. Umeme hutoka kwenye chanzo chake ukiwa wa kutosha, ukapotea kwenye waya zilizochakaa, swichi zenye kutu na ethi mbovu. Anayekimbilia duka la spea kununua balbu kubwa zaidi anaongeza mkondo kwenye njia ileile mbovu, na upotevu unaongezeka. Kazi inayookoa maisha ni kuitengeneza njia kwanza.

Tuhesabu kidogo ili uzito wake uonekane. Ukienda kilomita 60 kwa saa, unapita karibu mita 17 kila sekunde. Tangu macho yaone kizuizi hadi mkono ubane breki, sekunde moja na nusu hupita kwa urahisi, nawe umekwisha kwenda mita 25. Kusimama kabisa juu ya lami kavu, kwa breki nzuri, kunahitaji mita nyingine 23 hivi, na breki za ngoma za pikipiki ya zamani huenda zikataka zaidi. Jumla ni karibu mita 50. Kama taa yako inamulika mita 30 tu, mtu anayevuka mbele yako utamfikia ukiwa bado na kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa.

Taa pia ni ya kuonekana, hata mchana. Mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alichunguza pamoja na wenzake ajali zipatazo 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na ripoti yao ikatoka 1981. Katika ajali za pikipiki na gari, theluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kumkatiza mwenye pikipiki aliyekuwa na haki ya kupita, na sababu kubwa ilikuwa kwamba dereva hakuiona pikipiki, au aliiona akiwa amekwisha chelewa. Utafiti mwingine wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa 2004, ulikuta kwamba walioendesha na taa zikiwaka mchana walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 27 kuliko waliozizima. Malaysia iliwataka waendesha pikipiki wake wawashe taa mchana tangu 1992. Kwa hiyo taa ya pikipiki yako inatakiwa iweze kuwaka saa zote za safari bila kumaliza betri, na sharti hilo linagusa kila uamuzi utakaofuata hapa.

Pima kabla ya kununua chochote

Jambo la kwanza la kujua ni taa yako ya mbele inakula umeme wa wapi. Fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa. Ikiwaka, inakula umeme wa betri. Isipowaka hadi injini ingurume, na ikawa inang'aa unapopiga resi na kufifia unapopunguza, basi inakula moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magineto, na betri yako hulisha honi, indiketa na taa ya breki tu. Pikipiki nyingi ndogo za zamani zimejengwa hivyo, na hata baadhi ya zile za volti 12 zilizofuata. Usiliruke jaribio hili. Mengi ya yale mafundi wanayobishania kuhusu taa hutokana na mmoja kuzungumzia pikipiki ya aina moja na mwenzake ya aina nyingine.

Kisha chukua multimita, ile ndogo ya bei nafuu inatosha. Kwa taa inayokula betri, ichaji betri vizuri kwanza, washa taa, uweke ncha nyekundu ya mita kwenye chanya ya betri na ncha nyeusi kwenye kichwa cha waya kinachoingiza moto kwenye balbu. Volti utakazosoma ndizo zinazopotea njiani upande wa moto. Halafu hamishia ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye sehemu ya ethi ya balbu. Hizo ndizo zinazopotea wakati wa kurudi. Kwa taa inayokula magineto, pima volti za mkondo geu palepale kwenye balbu huku msaidizi akishikilia resi ya wastani, kisha pima kwenye waya unaotoka kwenye injini, ulinganishe.

Kwenye pikipiki ya volti 6 yenye balbu ya wati 35, mkondo unafika karibu ampia 6. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 3 kwenda na kurudi, unameza peke yake volti 0.4. Ongeza mguso mchafu ndani ya swichi na boliti yenye kutu inayoshika ethi, na volti nzima imepotea bila waya wowote kukatika. Balbu inapata 5 badala ya 6. Sasa, mwanga wa balbu ya uzi haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi: ukikosa asilimia 10 ya volti unakosa kama asilimia 30 ya mwanga. Kwa volti 5 kati ya 6 unabaki na nusu tu ya mwanga uliokusudiwa na kiwanda. Volti iliyokosekana imegeuka joto ndani ya waya na swichi.

Waya ukibadilishwa ukawa wa milimita za mraba 1.5, ile 0.4 inashuka hadi 0.2. Gharama yake ni ya mita chache za waya.

Ethi ndiyo mgonjwa wa kwanza

Waundaji wa pikipiki ndogo waliokoa shaba kwa kuifanya fremu iwe njia ya kurudia umeme. Pikipiki ikiwa mpya, mpango huo unafanya kazi. Baada ya miaka 40 ya mvua, vumbi na kupakwa rangi mara tatu, haufanyi. Kwenye baadhi ya modeli, ethi ya taa ya mbele inashikwa na ganda la taa lenyewe, kutoka hapo inapita kwenye uma wa mbele, ikavuka gololi za shingo ya usukani, ndipo ikafika kwenye fremu. Gololi hizo zimezungukwa na grisi. Ukiona taa inacheza unapokata kona, au inafifia unapogeuza usukani ukiwa umesimama, shuku hapo kabla ya kwingine.

Dawa yake ni waya. Vuta waya mmoja wa ethi kutoka kwenye soketi ya balbu ya mbele moja kwa moja hadi hasi ya betri, au hadi boliti moja safi kwenye fremu ambayo hasi ya betri nayo inafika. Fanya vivyo hivyo kwa taa ya nyuma, maana madigadi ya nyuma hushikwa na mipira na boliti zilizopakwa rangi. Pale waya unapobana chuma, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake mafuta ya mgando kuzuia kutu. Ukipaka kwanza ukakaza baadaye, umeacha tabaka la mafuta katikati.

Nimeona wenye pikipiki wakibadilisha balbu tatu mfululizo wakitafuta mwanga ambao waya mmoja wa ethi ungewapa. Kama una muda na fedha za kazi moja tu wiki hii, fanya hii.

Waya, rangi zake, na maungio

Kabla ya kugusa waya, ondoa kichwa cha hasi cha betri. Fungu kuu la waya linapita chini ya tangi la petroli, na cheche moja hapo inatosha kuunguza pikipiki na banda la fundi.

Chora ramani ya waya zako kwenye karatasi kabla ya kukata. Viwanda vya Japani havikukubaliana rangi, na tofauti hizo zina hatari. Kwenye Honda, waya wa kijani ndio ethi, mwekundu unatoka betri, na mweusi ni wa moto baada ya swichi ya ufunguo. Fulu ni buluu, dimu ni nyeupe, na taa ya nyuma ni kahawia. Kwenye Yamaha, mweusi ndio ethi na kahawia ndio wenye moto baada ya swichi; fulu ni njano na dimu ni kijani. Suzuki huweka ethi kwenye waya mweusi wenye mstari mweupe, na moto wa swichi kwenye wa rangi ya machungwa. Fundi aliyekulia kwenye Yamaha akafunga waya mweusi wa Honda kwenye fremu ameunganisha betri na ethi moja kwa moja. Pikipiki nyingi za Kichina zilizonakili injini ya Honda CG125 ya mwaka 1976 zilinakili na rangi za waya. Hata hivyo wamiliki waliokutangulia huenda walishaunga wanavyojua wao, kwa hiyo thibitisha kila waya kwa mita na usiiamini rangi peke yake.

Nunua waya wa gari, ule wenye nyuzi nyingi laini ndani. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai, kwa kuwa mtetemo wa injini utaukata ndani ya ganda lake bila wewe kuona. Na jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa bei ya chini: kwangua uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe dukani. Waya huo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu, na mahali penye chumvi hewani, kama Mombasa, Tanga au Unguja, huliwa haraka kwenye maungio.

Tumia milimita za mraba 1.5 kwa taa ya mbele na ethi, na 0.75 kwa taa ya nyuma na indiketa. Maungio ya kusokota na kuzungushia tepu nyeusi yaachwe kabisa. Bana kichwa cha waya kwa koleo lake maalumu, vuta kwa nguvu uone kama kinashika, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kulehemu kwa risasi si kosa, ila risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na waya hukatika pale ugumu unapoishia. Ukilehemu, shikiza waya kwenye fremu sentimita chache kutoka kwenye ungio ili usichezecheze. Na unapopitisha fungu la waya kwenye shingo ya usukani, geuza usukani hadi mwisho kushoto na mwisho kulia: fungu lisinyooke likakaza upande wowote, wala lisibanwe.

Fyuzi ikae karibu na betri, kwenye waya mwekundu, kabla umeme haujafika kokote kwingine. Kazi yake ni kuulinda waya. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyozungushiwa fyuzi iliyoungua imechoma pikipiki nyingi. Weka fyuzi mbili za akiba chini ya kiti, hutakuwa na sababu ya kuitafuta karatasi hiyo.

Swichi ya mkononi nayo ifunguliwe. Ndani utakuta vipande vidogo vya shaba vyenye weusi na ukijani. Visugue taratibu kwa msasa laini kabisa, vifute, vipake mafuta ya mgando kidogo, urudishe. Angalia springi ndogo isiruke. Ikipotea, swichi nzima inakuwa haina kazi.

Rilei, na mahali isipofaa

Kwenye pikipiki ya volti 12 ambayo taa yake inakula betri, rilei ndiyo hatua inayofuata. Badala ya umeme wote wa taa kupita kwenye swichi ndogo ya mkononi, swichi inaamsha rilei tu kwa mkondo mdogo sana, na rilei inafungua njia fupi na nene kutoka betri hadi kwenye balbu. Rilei ya kawaida ya gari ina miguu iliyoandikwa namba. Mguu wa 30 unapokea waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi yake ya ampia 10. Wa 87 unapeleka kwenye balbu. Wa 86 unapokea ule waya wa zamani uliokuwa ukienda kwenye balbu kutoka kwenye swichi. Wa 85 unakwenda ethi. Weka rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, ili moja ikifa njiani ubadilishe mwanga ufike nyumbani. Zifunge chini ya tangi au nyuma ya ganda la taa, miguu ikitazama chini, maji yasikae ndani.

Kwenye taa inayokula magineto, usiweke rilei hii. Mkondo geu utaifanya itetemeke na kulia, na miguso yake itaungua. Huko faida yako inatoka kwenye ethi, waya mnene na swichi safi tu, na hiyo si faida ndogo.

Mfumo wa magineto una sheria yake nyingine ambayo wengi huivunja bila kujua. Pikipiki nyingi za zamani za volti 6 hazina regyuleta. Kiwanda kilipiga hesabu ya koili na balbu pamoja, mbele na nyuma, na balbu zenyewe ndizo zinazozuia volti zisipande. Ukiweka balbu yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, koili haina umeme wa ziada wa kuipa, nayo inawaka hafifu kuliko ya awali. Ukiweka yenye wati pungufu, volti zinapanda ukipiga resi na balbu inaungua. Ndiyo sababu balbu ya nyuma ikiungua, ya mbele nayo hufuata muda si mrefu: umeme uliokuwa wa mwenzake umemjia yeye.

Kutoka volti 6 kwenda 12

Kuhamia volti 12 kunapunguza hasara kwa namna ambayo hakuna usafi wa waya unaoweza kuifikia. Balbu ya wati 35 ambayo ilihitaji ampia 6 sasa inahitaji 3. Mkondo ukiwa nusu, volti zinazopotea kwenye waya uleule ni nusu, na nusu hiyo inatolewa kwenye 12 badala ya 6. Kwa asilimia, hasara imeshuka mara nne. Tena balbu, flasha na betri za volti 12 zipo kila duka, kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, wakati balbu za volti 6 huadimika kila mwaka.

Koili ya zamani mara nyingi huweza kutoa volti 12 injini ikizunguka vya kutosha, kwa wati zilezile, ikipewa regyuleta yenye rektifaya ya volti 12. Udhaifu wake huonekana pikipiki ikisimama inanguruma taratibu, ambapo taa hushuka. Ili umeme wote wa koili uende kwenye betri, fundi atalazimika kufungua sumaku, kuutoa ule mwisho wa koili uliofungwa kwenye ethi, na kuuleta nje kwa waya wake, ili ncha zote mbili za koili ziingie kwenye regyuleta. Kazi hii ni ya fundi aliyewahi kuifanya. Regyuleta yenyewe iwe ya aina inayopokea ncha mbili zisizogusa ethi. Ile ya kawaida ya pikipiki za Kichina yenye waya wa taa kutoka kwenye koili haitafaa.

Kila kinachokula umeme lazima kibadilishwe siku hiyohiyo: balbu zote hata ya spidomita, honi, flasha, betri. Koili ya plagi nayo ikiwa inakula betri. Kama moto wa plagi unatoka kwenye koili yake ya peke yake ndani ya sumaku, huo uache ulivyo.

Ukimaliza, pima. Taa zote za usiku zikiwaka na injini ikiwa kwenye mwendo wa kawaida, betri ya volti 12 isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma chini ya 13, umewasha zaidi ya unachozalisha, na safari ya usiku itaishia gizani. Ikipita 15, regyuleta ina hitilafu na betri itachemka.

Wenye BSA na Triumph za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 wakumbuke kwamba nyingi zake hufunga chanya ya betri kwenye ethi, kinyume cha za Kijapani. Rektifaya au taa ya LED iliyoungwa kwa mazoea ya Honda itaungua papo hapo.

LED: anzia nyuma

LED zinapunguza mzigo, na kwenye pikipiki yenye wati chache hilo ni jambo kubwa. Taa ya nyuma ya uzi hula wati 5 muda wote na 21 unapokanyaga breki. Ya LED inaweza kula wati 1 na 3. Umeme uliookolewa unabaki kwa taa ya mbele. Chagua LED nyekundu chini ya kioo chekundu, kwani nyeupe hupoteza sehemu kubwa ya mwanga wake kwenye kioo hicho. Indiketa za LED zinahitaji flasha ya kielektroniki, la sivyo zitapepesa mbiombio au zitaganda. Yote haya ni kwa umeme wa betri. LED ikiungwa moja kwa moja kwenye magineto bila rektifaya hupepesa, na volti zikipanda inakufa.

Mbele ni habari nyingine. Bakuli linalong'aa nyuma ya balbu limechongwa kwa ajili ya uzi mmoja mdogo uliokaa mahali maalumu. Balbu ya LED inayochomekwa mahali pa ile ya halojeni mara nyingi ina vipande vinavyotoa mwanga pasipo mahali hapo, na mwanga unatawanyika juu, kushoto na kulia. Wewe unaona weupe mwingi mbele ya gurudumu ukadhani umepata, kumbe mita 40 mbele hakuna kitu, na anayekuja upande wa pili amepofushwa. Ukitaka LED mbele, nunua taa nzima iliyoundwa kwa LED, yenye kioo chake, inayoingia kwenye ganda la zamani. La sivyo, halojeni ya wati 35 iliyopata volti zake kamili, kwenye bakuli ambalo bado linang'aa, inatosha kwa mwendo ambao pikipiki ya sentimita za ujazo 125 inapaswa kwenda usiku.

Balbu za wati 100 zinazouzwa kwa pikipiki naziomba uziache dukani. Zinayeyusha soketi na kubabua bakuli. Na bakuli lililobabuka, au lenye kutu, halirudishwi na balbu yoyote. Wala usilipake rangi ya fedha ya kopo, kwani haiakisi inavyotakiwa. Badilisha bakuli lote.

Nyuma yako

Watu hujishughulisha na taa ya mbele kwa kuwa wanaiona. Ile itakayomzuia dereva wa lori asikugonge usiku huwezi kuiona ukiwa umekaa kitini, na inaweza kuwa imekufa tangu juzi. Balbu ya nyuma yenye nyuzi mbili ina pini zilizopishana kimo ili iingie kwa namna moja tu. Zipo zilizolazimishwa kuingia kinyume, na matokeo yake taa ya nyuma inawaka kwa ukali wa breki muda wote, na ukifunga breki inaongezeka kidogo tu, asijue aliye nyuma kwamba unasimama.

Pikipiki nyingi za zamani huwasha taa ya breki kwa kanyagio la mguu peke yake. Ongeza swichi kwenye mkono wa breki ya mbele. Ni kazi ya waya mbili. Bandika pia kiakisi chekundu nyuma na vya rangi ya machungwa pembeni, kwa sababu hivyo havihitaji betri, fyuzi wala fundi. Na mzigo unaofungwa kwenye keria usiifunike taa uliyoihangaikia, uwe ni gunia la mkaa au kreti la soda.

Kulenga taa

Simamisha pikipiki kwenye sakafu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, ukiwa umeikalia wewe mwenyewe na tairi zina upepo unaotakiwa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, uweke alama ya kimo hichohicho ukutani. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hadi 10 chini ya alama. Kama kazi yako ni ya bodaboda, rudia ukiwa na abiria: nyuma ikizama, mbele inainuka, na taa iliyolengwa vizuri ukiwa peke yako inawachoma macho wanaokuja. Lenga kwa hali unayoiendesha zaidi, na uongeze ugumu wa springi za nyuma kama shokomzoba zako zinaruhusu.

Angalia na upande wa mwanga. Taa nyingine za dimu zimeundwa kuinua mwanga kidogo kuelekea ukingo wa barabara. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha kulia. Taa iliyoundwa kwa ajili ya huko, ikiletwa huku kupitia Rusumo, inainua mwanga wake kwenye macho ya anayekuja. Soma kioo: kama kina alama ya herufi E ndani ya duara, tafuta mshale karibu yake. Mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umeitazama taa ni wa nchi za kushoto, wenye ncha mbili ni wa kote, na kwa taa za aina hii, kukosa mshale ni ishara ya nchi za kulia.

Baada ya wiki ya kwanza kwenye barabara ya vumbi na matuta, fungua tena kiti na ganda la taa. Gusa kila ungio, kaza boliti za ethi, tazama kama kuna waya uliosuguliwa na fremu, kisha pima zile volti zinazopotea njiani mara ya pili na uziandike kwenye karatasi ileile uliyochora ramani ya waya. Iweke karatasi hiyo kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, pamoja na fyuzi na balbu ya akiba. Fundi atakayeifungua pikipiki baada yako ataihitaji.